Pikipiki Tisa, Mbuzi Watatu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Hakuna mtu mtaa wa Mbotela mzima, hapa Nairobi, aliyeongoza misafara ya pikipiki milimani kunishinda mimi. Elgon, Nandi, Mbooni, zote nimezipanda. Wanakijiji wakisikia filimbi yangu wanafungua mageti wenyewe.

Haya. Shajara si padri, lakini kuidanganya ni kuharibu wino. Sijawahi kuongoza msafara wowote. Hata pikipiki sijui kuendesha. Nilijaribu mara moja tu, kule Webuye, nikapanda ya shemeji yangu ikanipeleka yenyewe hadi katikati ya miwa. Walinitafuta kwa kuniita majina. Lakini hayo ya kwanza ndiyo niliyomwambia Ndinda leo asubuhi, na neno likishatoka halina reverse.

Ndinda ni fundi wa nguo. Cherehani yake iko kwenye kibaraza, hatua kumi kutoka steji ya bodaboda. Ana miaka hamsini na miwili, hajawahi kuolewa, na ana kicheko cha kumfanya mtu asahau alikuwa akienda wapi. Mimi nina sabini na moja, nimefiwa na mke miaka sita sasa. Suruali zangu zote amezipunguza, akazirefusha, akazipunguza tena. Sina nguo iliyobaki. Juzi nimempelekea foronya.

Shida ni Nzivo. Dereva wa lori mstaafu, mgane kama mimi, meno yote yako kinywani. Amejinunulia pikipiki ndogo ya bluu na kila asubuhi anaiosha mbele ya cherehani ile. Pikipiki gani hiyo inachafuka kila siku na haiendi popote?

Leo Ndinda kasema Ijumaa anaenda kwao Iveti, huko Machakos, kumsaidia babake kuvuna mahindi. Nzivo akadakia: eti na kwao ni ng'ambo ya kilima kile kile. Wakaanza kutajiana mito. Huyu anataja mto, yule anataja mto. Nikakaa pale kama stuli.

Ndipo nikasema loo, sadfa gani hii! Mimi Jumamosi naongoza kundi langu la pikipiki kuzunguka vijiji vya milima hiyo hiyo ya Iveti. Kwenda na kurudi siku moja. Ndinda akauliza kundi gani. Nikamwambia kundi langu. Akasema basi tupite nyumbani, babake anapenda wageni. Nzivo akaacha kuosha.

Kimebaki kitu kimoja tu. Kupata kundi. Viwili: na pikipiki.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimehutubia steji. Nimewaambia vijana kwamba Nairobi inawazeesha, kwamba milimani kuna hewa ambayo haijavutwa na mtu mwingine. Mmoja akaniuliza, "Sasa mzae, huko juu tunaenda kufanya nini haswa?" Nikasema kuona mandhari. Mtu akapiga mwayo. Nikasema pia kutakuwa na nyama. Mikono minane juu!

Halafu mkono wa tisa. Wa Nzivo.

Nikamwambia pole, nafasi zimejaa. Hapo Opicho akafungua mdomo. Opicho ni mtu mpole wa makamo, haongei mpaka iwe lazima; nadhani ndiyo mara yake ya kwanza mwaka huu. Akasema kati yetu sote ni Nzivo pekee anayeijua njia. Msaliti! Wote wakaitikia, eti kweli, mzae, wewe utatupeleka Uganda.

Nikafikiri upesi. Nikamkubali Nzivo, lakini kwa cheo maalumu: mkia wa msafara. Nikaeleza kwamba mkia ni kazi nzito, huachiwa dereva mkongwe, aangalie nani ameanguka. Ukweli ni kwamba ukishapita Kangundo ukaanza kupanda, lami inaisha. Vumbi la pikipiki nane! Atafika kwa Ndinda amekandikwa kama ukuta. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kumwamini. Masikini.

Mimi nitakaa nyuma ya Opicho, na filimbi na bendera. Kijana mmoja akauliza tangu lini kiongozi anabebwa. Nikamuuliza kama amewahi kuona askofu akijiendesha.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Eastleigh, kutafuta sare. Kundi bila sare ni watu waliokutana kwa bahati mbaya.

Yahye, muuza nguo, ananifahamu tangu nikifanya kazi kiwanda cha sabuni. Alikuwa na mashati meupe ya mikono mirefu, kumi haswa, ya kwaya fulani iliyovunjika kabla ya kuimba. Saizi moja yote. Akaniuliza ni ya harusi au matanga. Nikamwambia ni ya utalii. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso. Akasema, "Mzee Wesonga, wanaume kumi kwa shati nyeupe hawaendi utalii. Wanaenda kuomba kitu kwa mtu." Nikamwambia afunge mzigo, maneno sikuyaagiza.

Jioni tumejaribisha stejini. Shati la Opicho linamfika magotini. Langu linanibana, kifungo kimoja kimeruka kikampiga kuku. La Nzivo limemkaa kama alipimwa! Akajigeuzageuza mbele ya kioo cha pikipiki. Ndinda akapita, akasema limemtoa ujana. Mimi akaniambia nilete kile kifungo.

Annah, binti yangu ninayekaa naye, ameniuliza goti langu linajua habari ya safari hii. Nikamwambia goti halishirikishwi katika mambo ya uongozi. Akasema sawa baba, likikataa usinipigie simu. Mamake mtupu huyu.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mazoezi. Pikipiki tisa, hadi Umoja na kurudi. Filimbi moja kata kulia, mbili kata kushoto, tatu simama. Nimewafundisha mara nne.

Pale Umoja nikapiga moja. Nusu wakakata kulia, nusu wakasimama kuuliza. Wakati tunajikusanya, ukatokea msafara wa watu wakitoka na marehemu wao, gari la maiti mbele, magari nyuma. Wakatuona: wanaume, mashati meupe, tumesimama kwa adabu kando ya njia. Mwenye kusimamia pale akatupungia tuingie mbele. Opicho mpole, hawezi kumkatalia mtu. Akaingia. Wengine wakanifuata mimi.

Tulimsindikiza marehemu nisiyemjua hadi nje ya mji! Nilipiga filimbi tatu, mama mmoja ndani ya gari akaangua kilio. Walipotuachia, mzee wao alinishika bega akasema Mungu atatukumbuka.

Na mkia wangu? Nzivo alikuwa ameachwa na taa za barabarani. Akarudi zake Mbotela. Akamkuta Ndinda akifunga mzigo wa safari, akambeba na mabegi yake hadi stendi ya magari ya Machakos. Kwa pikipiki iliyooshwa!

Si kitu. Kesho ni kesho. Nitaingia boma lile mbele ya watu wote, bendera mkononi, na kabla ya chai nitamwambia Ndinda neno ambalo nimelibeba tangu Januari. Nimelifanyia mazoezi mbele ya sufuria.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Annah ameniwekea kitambaa cha moto mahali ambapo sitapataja.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya Agosti. Tukashika barabara ya Kangundo, Komarock, Joska, mimi nyuma ya Opicho na bendera ikinipiga usoni. Watu walitupungia. Nzivo nyuma kabisa. Nikawa nageuka kila mara kuangalia kama ameshaanza kuchafuka.

Tulipopita Tala vijana wakaanza kunung'unika. Nyama iko wapi, mzae? Tulikuwa tumechanga kitu kila mtu, kwa hiyo nikasimamisha msafara pale wauza mbuzi wanapokaa kando ya njia. Mbuzi mmoja angetutosha. Lakini hapo ndipo akili yangu ilipong'aa. Vumbi bado halijaanza. Kwa nini nisubiri vumbi, na mbuzi yuko hapa, na mbuzi ananuka?

Nikachagua watatu. Beberu mmoja mwenye ndevu, harufu yake unaisikia kabla hujamwona, na majike wawili. Nikawaambia vijana mmoja wa kula, wawili wa kuwapa wenyeji, mgeni hafiki mikono mitupu. Nikaamuru wote watatu wafungwe kwenye pikipiki ya Nzivo. Wawili nyuma ndani ya gunia, vichwa nje. Beberu mbele, mapajani.

Nzivo akanisogelea. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina hakika ni watatu. Watatu, nikasema. Akauliza, na ni yeye awabebe? Ni wewe. Akauliza, hadi ndani ya boma la Mzee Nyamai, babake Ndinda, mchana, watu wakiona? Nikapaza sauti wote wasikie: ndiyo, Nzivo, wewe na si mwingine! Akavua helmeti. Machoni mwake nikaona maji. Nikadhani ni yule beberu, maana hata mimi macho yalikuwa yanawasha.

Baada ya Kangundo tukaanza kupanda. Vijiji vimening'inia kwenye matuta, migomba, mikahawa, ukungu, watoto wakipiga kelele. Mahali pazuri, wacha niseme ukweli. Lakini pikipiki ya Opicho ni ndogo, na mimi nimekula vizuri maishani. Mlima wa kwanza ikakohoa. Wa pili ikarudi nyuma. Opicho akaniambia kwa heshima, "Mzee, mmoja wetu ashuke, na mimi ndiye dereva."

Nikashuka. Wengine wote wakapita. Nzivo naye akapita, beberu kifuani kama mtoto wa ubatizo. Kwa vile yeye ndiye anayejua njia panda za huko juu, wakamwambia atangulie. Mkia ukawa kichwa! Na kichwa kikabaki barabarani kikipanda kwa miguu, goti likitoa sauti ya mlango wa kanisa. Opicho akiendesha polepole kando yangu ananitia moyo kwa kunyamaza.

Karibu saa nzima. Nilipokaribia boma nikasikia vigelegele. Vigelegele vya akina mama, vile vya ndani kabisa! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikajua Ndinda amewaambia nakuja. Nikakung'uta shati, nikainua bendera, nikaingia nikipunga mkono kulia na kushoto.

Hakuna aliyeniangalia.

Nzivo alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mgongo, karibu na Mzee Nyamai. Mzee ana miaka tisini na kitu, amefungwa blanketi, ameshika mkono wa Nzivo na hauachii. Vijana wangu saba wamepangwa kwenye benchi, mashati meupe, mikono magotini, kama kwaya. Beberu alikuwa tayari ameshachinjwa. Majike wamefungwa kwenye mti, mama mmoja anawahesabu meno.

Nikamuuliza huyo mama kuna sherehe gani. Anaitwa Koki, binamu yake Ndinda, mjane, mikono ya nguvu. Akaniangalia kama mtu aliyeanguka kutoka mbinguni. Akasema, "Si mmeleta ntheo?"

Akanieleza, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Kwa Wakamba mwanamume akija nyumbani kwa binti na mbuzi watatu, na wenzake wamemsindikiza wamevaa vizuri, hao mbuzi si chakula. Ni posa. Wakipokewa, mmoja akachinjwa na wazee wakala, basi, ameoa. Mengine ni ya kuongezea tu.

Kwetu magharibi tunaposa kwa ng'ombe! Mbuzi kwetu ni mboga! Nani angeniambia? Nzivo angeniambia. Lakini Nzivo aliniuliza mara tatu.

Nikataka kusema. Wallahi mdomo nilishaufungua. Nilisema ngojeni kidogo, hawa mbuzi. Mzee Nyamai akageuka akauliza huyu ni nani. Opicho akafungua mdomo kwa mara ya tatu mwaka huu, akasema, "Huyu ndiye aliyewachagua mbuzi, baba. Yeye ndiye alipanga yote."

Mzee akaomba nisogee. Akaniwekea kiganja kichwani. Mkono mwepesi kama jani la mahindi. Akasema amezaa mabinti watano na wanne wameolewa, na huyu wa mwisho watu walimwambia asahau. Akasema kila mwaka alikuwa akiiacha kamba moja pale mtini, ya kufungia mbuzi, na akina mama wakimcheka. Akasema alikuwa amemwomba Mungu asimchukue kwanza. Analia, mzee wa watu, machozi yanapotelea kwenye mikunjo.

Sasa utamwambiaje mtu kama huyo kwamba umekosea mbuzi? Nikasema asante baba. Nikakaa benchini na vijana.

Nilimpata Ndinda jikoni. Nikamuuliza kama aliulizwa. Akasema aliulizwa vizuri, na Koki, mbele ya wazee: mbuzi wapokewe wasipokewe? Akasema tangu Januari anatuangalia wazee wawili tukimzunguka kama kuku na sahani, mmoja anaosha pikipiki, mwingine analeta foronya, akajiambia atamkubali atakayekuwa wa kwanza kuthubutu. Nikapandwa na hasira. Nikamwambia mbuzi ni wangu! Nimewachagua mimi, mkono huu!

Akaacha kukoroga. Akanitazama vizuri, bila kucheka. Akasema, "Sasa Baba Annah, kama ni wako, kwa nini ulimpa mwenzako awabebe?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa jibu fupi. Halikuwa jibu la kumwambia mwanamke.

Nikaomba chumvi.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Kanisani sikuenda. Siwezi kukaa, na kusimama ibada nzima watu watadhani nimeokoka.

Nzivo alikuja baada ya ibada, na ndizi mkungu mzima. Akasimama mlangoni kofia mkononi. Akasema kwa miaka yote aliyoendesha lori hajakutana na mwanamume mwenye moyo kama wangu. Anajua nilimtaka Ndinda. Mbotela yote inajua, hata yule kuku. Alidhani nikimweka mkia ni kwa chuki, na pale Tala nilipomkabidhi mbuzi watatu mbele ya watu akaelewa kwamba nimemwachia kwa heshima, kama ndugu mkubwa. Ndiyo maana alilia.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia nililifikiria muda mrefu, nikaomba, nikaona yeye ni kijana zaidi yangu. Ana sitini na nane. Akanikumbatia.

Annah alikuwa ndani, anasikia kila kitu. Akatoka kitambaa mdomoni, mabega yanatikisika. Nikamwambia amenye ndizi.

Mchana habari ikafika steji. Wale waliokuwa wakiniita mzae sasa wananiita mshenga. Mama wawili wameshapita kuniuliza kama naweza kuwaangalizia watoto wao wa kiume wachumba, wamekawia kuoa. Nimesema nitaona nafasi.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Goti limepoa. Akili nayo imerudi, tena imerudi na kitu.

Nilikuwa najilaumu bure. Mpango wangu haukuwa na kosa. Msafara ulifika, sare zilipendeza, mbuzi walipokewa, mtu akaoa. Kitu pekee kilichokosewa ni mtu. Mahali ni pale pale, njia ni ile ile, sasa naijua.

Na kuna Koki. Jumamosi aliniongezea muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, bila kuombwa. Mara mbili! Akaniuliza kama huku Nairobi kuna mtu ananipikia. Mwanamke haulizi swali hilo hewani. Akanitazama goti, akasema lingekuwa la mume wake marehemu angelikanda kwa mafuta ya nyonyo. Mimi nikasema mafuta hayo nimeyasikia. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nzivo anataka twende tena mwisho wa mwezi kupeleka vya kuongezea, na ameniomba mimi nipange. Pikipiki kumi na tano safari hii! Mashati Yahye anayo mengine. Ndani ya safari yake nitaingiza yangu, kimya kimya. Mbuzi watatu pembeni, majike matupu, wasafi. Nikifika nasimama mbele ya wazee, nasema neno.

Kuwabeba, hapana. Goti hili na mbuzi haviendi pamoja, na mwanamume anayeenda kuposa hawezi kufika akinuka. Nimeshazungumza na Opicho awabebe. Ana pikipiki nyingine sasa, yenye nguvu. Atatangulia kidogo, mimi nitafuata nyuma polepole na bendera. Opicho ni mtu salama kabisa. Amefiwa na mke mwaka wa pili huu, hana maneno, hana makuu. Nilipomwambia mbuzi ni watatu na ni wa kwa Koki aliniuliza tu kama nina hakika. Nikamwambia kabisa. Akaenda kukata nywele.

Nimemwandikia Nzivo ujumbe huu, nautuma nikimaliza hapa:

Ndugu yangu Nzivo, salamu kwa mama wa nyumba. Umeoa kwa mkono wangu, na mimi sikukuomba ng'ombe, wala shati, wala shukrani kanisani. Hata zile ndizi ulizileta mwenyewe. Nakuomba kitu kidogo tu, ambacho hata mtoto angenipa. Nitumie namba ya simu ya Koki.